Mtoto Mchanga Alale Wapi? Barua ya Wazi kwa Wizara ya Afya na Shirika la Viwango

Kwa: Wizara ya Afya, Dodoma, na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam

Yah: Mwongozo wa malazi salama ya watoto wachanga

Waheshimiwa,

Mama anaporuhusiwa kutoka wodi ya wazazi huondoka na kichanga mkononi, kadi ya kliniki kwenye pochi na maelekezo tele kichwani. Anyonyeshe maziwa yake pekee kwa miezi 6. Kitovu akiache kikavu. Mtoto akichemka mwili au akikataa ziwa, arudi haraka. Usiku wa kwanza nyumbani linazuka swali ambalo mara nyingi familia huachiwa ijijibie yenyewe: mtoto huyu alale wapi, na alazwe vipi? Si swali dogo, kwa kuwa mtoto wa siku chache hulala kati ya saa 14 na 17 katika kila saa 24.

Barua hii inaomba swali hilo lipate jibu rasmi la Wizara, kwa Kiswahili chepesi, lililopimwa kwa nyumba ya Mtanzania ilivyo, na mama alipate kabla hajavuka lango la hospitali. TBS nayo inaombwa iangalie vitanda, magodoro na mito inayouzwa kwa ajili ya watoto hao.

Takwimu za Serikali yenyewe zinaonyesha kwa nini ombi hili lina uzito. Utafiti wa Hali ya Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulikuta vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vimeshuka hadi 43 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 katika utafiti wa 2015/16. Hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini vifo vya siku 28 za mwanzo vilitoka 25 hadi 24 tu, ingawa wanaojifungulia vituo vya afya walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Yanayoongoza kwa kuua katika siku hizo ni kuzaliwa njiti, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Hakuna anayedai kwamba kitanda kinaua kuliko hayo. Hoja ni kwamba kitanda ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo familia inaweza kuvirekebisha usiku huohuo, bila daktari na bila fedha nyingi.

Tena, vifo vya usingizini havina mtetezi. Mtoto aliyelazwa mzima saa nne usiku akakutwa alfajiri hana uhai mara nyingi huzikwa siku hiyohiyo, mwili haujapimwa na chanzo hakijaandikwa popote. Wazee husema ni kazi ya Mungu. Majirani hunong'ona kwamba mama kamlalia. Mwanamke hubaki na hukumu hiyo kifuani, pengine bila kosa lolote, na mtoto anayefuata hulazwa palepale, vilevile.

Sayansi ya jambo hili imekwishapevuka. Mtoto mwenye afya alazwe chali kila anapolala, usiku na mchana, hadi afikishe mwaka. Akilala kifudifudi juu ya kitu laini, huvuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe, joto la mwili hupanda, na ubongo wake mchanga unaweza kuchelewa kumwamsha ili ageuze kichwa. Kulala ubavu nako si salama, kwa sababu ni rahisi kubingirika kutoka ubavuni kwenda kifudifudi. Hatari huwa kubwa zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne, yaani wakati arobaini imeshapita, wageni wameondoka na mama amebaki peke yake na uchovu wake.

Wizara inaombwa izingatie namna elimu hiyo ilivyopatikana, kwa sababu ni kisa cha mamlaka zilizokosea na gharama iliyolipwa na watoto. Kuanzia miaka ya 1950, kitabu cha malezi cha daktari Mmarekani Benjamin Spock, kilichouzwa kwa mamilioni ya nakala, kiliwashauri wazazi wamlaze mtoto kifudifudi, kwa hofu kwamba akitapika akiwa chali atapaliwa. Hospitali nyingi za nchi za Magharibi zilifuata mkondo huo. Uholanzi iligeuza ushauri mwaka 1987. New Zealand na Uingereza zikafuata mwaka 1991, Uingereza ikisukumwa na mtangazaji wa televisheni Anne Diamond, ambaye mwanawe Sebastian alifariki usingizini mwaka huohuo. Marekani ilianza kampeni yake mwaka 1994. Katika nchi hizo vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa nusu au zaidi, bila chanjo mpya wala mashine.

Mwaka 2005 mtafiti Ruth Gilbert na wenzake walichapisha uchambuzi wenye maneno mazito. Walionyesha kwamba ushahidi dhidi ya kulala kifudifudi ulikuwa tayari unapatikana kufikia mwaka 1970. Kama mamlaka zingeukusanya na kuufanyia kazi wakati ule, zaidi ya watoto 10,000 Uingereza, na angalau 50,000 Ulaya, Marekani na Australasia kwa ujumla, wangeweza kuokolewa. Kwa hesabu hiyo, kuchelewa kusema kwa miaka ishirini kulikuwa na bei yake.

Hofu ya Spock bado iko hai katika nyumba zetu. Bibi anayekuja kumwogesha mjukuu na kumkanda mzazi kwa maji ya moto atasema kwa nia njema kabisa: usimlaze chali, atacheua apaliwe. Bibi huyo asibezwe, anastahili kuelezwa. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula. Maziwa yanayopanda kooni lazima yashindane na uzito wake yenyewe ili yaingie kwenye hewa, na mtoto mwenye afya huyameza au huyakohoa. Akiwa kifudifudi mpangilio unageuka: njia ya hewa ndiyo inakuwa chini. Muuguzi mkunga anayeweza kueleza hilo kwa mchoro wa dakika mbili atakuwa amempata bibi, na aliyempata bibi ameipata nyumba nzima.

Kundi moja la akina mama linahitaji maelezo ya ziada. Waliozaa njiti huona wodini mtoto akilazwa kifudifudi, kwa kuwa humsaidia kupumua akiwa chini ya uangalizi wa karibu. Wakifika nyumbani huiga walichokiona. Nyumbani hakuna mashine wala muuguzi wa zamu, kwa hiyo mtoto huyo anapaswa kuzoezwa kulala chali kabla hajaruhusiwa, na mama aambiwe sababu.

Ukiacha mkao wa mtoto, mahali penyewe pawe pagumu kiasi, bapa, patupu, na karibu na mama. Pagumu maana yake ni godoro lisilobonyea likaacha shimo pale kichwa kilipolala. Godoro la sponji lililochoka, lenye bonde katikati, ni hatari kwa kichanga hata kama wakubwa wamelizoea. Bapa maana yake pasiwe na mwinuko. Patupu maana yake ni mtoto na shuka lililobanwa vizuri, basi: hakuna mto, hakuna blanketi zito, hakuna midoli, hakuna vitambaa vya sponji vya kuzungushia kingo za kitanda. Karibu na mama ni chumba kimoja naye, angalau miezi 6 ya mwanzo. Kwa vigezo hivyo, godoro jembamba na gumu lililotandikwa juu ya mkeka safi, ndani ya neti iliyochomekwa pande zote, linakishinda kitanda cha bei mbaya kilichojaa mito ya urembo.

Ushauri wa vitabu vya nje huishia hapo na kuongeza kwamba mtoto asilale kitanda kimoja na mzazi. Jumuiya ya madaktari wa watoto wa Marekani ilirudia msimamo huo mwaka 2022. Wizara ikiuchukua ulivyo na kuutafsiri, itakuwa imeandika mwongozo wa nyumba nyingine. Familia inayoishi chumba kimoja cha kupanga Mbagala, yenye kitanda cha nne kwa sita na neti moja, itamweka wapi huyo mtoto? Ikimnunulia kitanda chake, neti haimfikii. Na neti nchi hii si pambo. Utafiti uliofanywa Kilombero na Ulanga katika miaka ya 1990 ulikuta kwamba watoto wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 4 waliolala ndani ya neti zenye dawa walikuwa na nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 27. Kumtoa mtoto kwenye hatari ndogo na kumtia kwenye kubwa si kinga.

Kuna na ziwa. Mtoto mchanga hunyonya mara kadhaa usiku, na mama aliye karibu hunyonyesha kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu chama cha kimataifa cha madaktari wa unyonyeshaji, katika mwongozo wake wa 2020, kilisema kwamba mama anayenyonyesha anaweza kulala na mtoto wake pale ambapo mambo ya hatari yameondolewa, na kwamba wazazi wote waelezwe mambo hayo badala ya kukatazwa tu. Katazo lisilotekelezeka lina kasoro nyingine: mama atamdanganya muuguzi kwamba mtoto ana kitanda chake, na muuguzi hatapata nafasi ya kumwambia lililo muhimu.

Lililo muhimu linaweza kuandikwa kwenye ukurasa mmoja. Mtoto asilale kitanda kimoja na mtu aliyekunywa pombe, aliyemeza dawa ya kuleta usingizi, au anayevuta sigara. Mtoto njiti, au aliyezaliwa chini ya kilo 2.5, asilazwe kitandani ubavuni mwa mzazi aliyelala. Asilale katikati ya watoto wenzake. Alazwe upande wa mama, si kati ya baba na mama. Mito na blanketi vikae mbali na uso wake, na nywele ndefu zifungwe. Kitanda kisiache upenyo ukutani ambamo mtoto anaweza kutumbukia akabanwa. Na kamwe, kwa hali yoyote, mtu asisinzie na mtoto kwenye kochi. Mama anayejihisi macho mazito saa nane usiku, akahamia kochini ili asilale kitandani na mtoto, ameacha hatari ndogo akakimbilia iliyo kubwa mno: kochi lina mito, mteremko na mianya inayomeza uso wa mtoto.

Hapa lazima kitofautishwe kitu ambacho Tanzania ina haki ya kujivunia. Huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, humweka njiti kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi. Hospitali za Tanzania zilishiriki, pamoja na za Ghana, India, Malawi na Nigeria, katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021. Watoto walioanzishiwa huduma hiyo mara tu baada ya kuzaliwa walikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 28 iliyo pungufu kwa asilimia 25 kuliko waliosubiri hali itulie kwanza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaifanya kuwa pendekezo lake, kwa saa 8 hadi 24 kila siku. Lakini mama wa kangaruu huegemea akiwa ameinuka, mtoto amefungwa imara kwa kitambaa, kichwa kimegeuzwa upande, pua iko wazi. Hiyo si sawa na kumlaza njiti pembeni, chini ya blanketi, mama akiwa usingizini. Anayeruhusiwa kwenda nyumbani na njiti aelezwe tofauti hiyo kwa vitendo.

Joto na baridi navyo havilingani nchi nzima, na mwongozo mmoja wa Dodoma unapaswa kulijua hilo. Dar es Salaam mwezi Januari, kichanga huonekana amevishwa kofia, soksi, sweta, kisha akaviringishwa blanketi, jasho likimtiririka shingoni. Kupata joto kupita kiasi ni mojawapo ya hatari za kifo cha usingizini. Nguo zinazomtosha mtu mzima, na tabaka moja la ziada, zinamtosha na yeye. Apimwe kwa kumgusa kifua au shingo, kwa sababu viganja vya kichanga huwa baridi hata akiwa sawa. Makete na Njombe mwezi Juni mambo ni mengine, na hatari inayotisha huko ni jiko la mkaa linaloingizwa chumbani kupasha joto, mlango na madirisha vikafungwa. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu, na inaua familia nzima usingizini. Jiko litoke nje kabla mtu hajalala, na mtoto apate joto la nguo na la mwili wa mama.

Sasa TBS. Mafundi seremala wa Keko hutengeneza vitanda vya watoto vya mbao nzuri, na kazi yao inaheshimika. Wanachohitaji ni vipimo. Nafasi kati ya fito na fito isizidi takribani sentimita 6, ili mwili wa mtoto usipite kichwa kikakwama. Godoro likae bila kuacha upenyo wa kuingiza zaidi ya vidole viwili pembeni. Ubavu unaoshuka na kupanda usitengenezwe kabisa. Marekani iliupiga marufuku kuanzia Juni 2011 baada ya watoto kubanwa pale ulipofyatuka. Mafundi wanaweza kufuata vipimo hivyo bila kuongeza gharama ya maana, mradi mtu awapelekee karatasi.

Madukani kuna vishawishi vingine. Mito midogo yenye tundu katikati huuzwa kwa ahadi ya kumtengenezea mtoto kichwa cha duara. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Novemba 2022 kwamba isitumike, kwa kuwa haina faida iliyothibitishwa na inaweza kumziba mtoto pumzi. Vitanda vya kuegemea vyenye mteremko vina kisa kinachofahamika zaidi. Kampuni ya Fisher-Price iliuza vitanda vyake vya Rock 'n Play tangu mwaka 2009, na Aprili 2019 ikaviondoa sokoni vyote, takribani milioni 4.7, baada ya kuripotiwa vifo vya watoto zaidi ya 30. Kwenye mteremko kidevu cha kichanga hushuka kifuani na koo hujikunja, au mtoto hujigeuza akashindwa kujinasua. Mwaka 2022 Marekani ilitunga sheria ya kupiga marufuku vitanda vya aina hiyo, pamoja na sponji za kuzungushia kingo. Mtumba hauji na tangazo la kuondolewa sokoni. Mnunuzi wa Kariakoo anaona kitu safi, kina jina kubwa na bei nafuu.

Zipo nchi zilizopata jibu la bei ndogo. Finland ilianza kutoa sanduku la uzazi kwa akina mama wa kipato cha chini mwaka 1938, na mwaka 1949 ikalifungua kwa wote kwa sharti moja, kwamba mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Ndani mna nguo na kigodoro, na sanduku lenyewe linaweza kuwa kitanda cha kwanza cha mtoto. New Zealand iligundua kwamba kampeni ya 1991 iliwaacha nyuma Wamaori, ambao kulala na watoto ni sehemu ya malezi yao. Badala ya kuwagombeza, daktari David Tipene-Leach na wasusi wa Kimaori walikuja, mwaka 2006, na wahakura: kikapu bapa kilichosukwa kwa majani ya mmea wa huko, kinachowekwa juu ya kitanda cha wazazi ili mtoto awe karibu lakini asilaliwe. Katika miaka ambayo kikapu hicho na ndugu yake wa plastiki vilisambazwa kwa wingi, vifo vya watoto wachanga nchini humo vilishuka, na kwa Wamaori vilishuka zaidi.

Wanawake wa Iringa husuka vikapu vya milulu vinavyosafirishwa hadi nje ya nchi. Pemba na Unguja husuka mikeka ya ukili. Kikapu bapa, chenye kingo fupi zinazopitisha hewa na kigodoro kigumu ndani, kinachoenea kwenye kitanda cha familia na kukaa ndani ya neti ileile, kinaweza kusukwa hapa. TBS ikipima na wasusi wakilipwa, Wizara itakuwa na kitu cha kumpa mama wa njiti siku anayoruhusiwa.

Maombi ya barua hii, basi, ni matano.

Kwanza, Wizara iandae mwongozo wa ukurasa mmoja, wenye picha, kuhusu malazi ya mtoto mchanga, uandikwe kwa kuwashirikisha wauguzi wakunga, madaktari wa watoto na akina mama wenyewe.

Pili, maneno yake makuu yachapishwe kwenye kadi ya kliniki, na mama aelezwe mara mbili: katika hudhurio la mwisho la ujauzito na siku ya kuruhusiwa. Anayemsindikiza, awe mume, mama mkwe au bibi, aitwe asikie pamoja naye.

Tatu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapomtembelea mzazi waombe kuonyeshwa anapolala mtoto, na wasaidie kupanga palepale: kusogeza kitanda, kuondoa mto, kufunga neti.

Nne, kifo cha ghafla cha mtoto nyumbani kiulizwe kwa heshima na kiandikwe, ili wazazi wapate maelezo badala ya minong'ono.

Tano, TBS itoe vipimo vya vitanda na magodoro ya watoto kwa lugha ya fundi, ivisimamie, na itangaze hadharani bidhaa za kulalia watoto zilizoondolewa sokoni kwingineko.

Mwaka 2004 nchi hii ilianzisha Hati Punguzo, na mamilioni ya wajawazito wakapata neti kwa bei waliyoimudu kupitia kliniki zilezile za mama na mtoto. Njia ya kuwafikia ipo, na wauguzi wanaoijua wapo kazini. Wizara inaombwa itangaze tarehe ambayo mwongozo huu utakuwa mikononi mwa wodi za wazazi, na TBS itangaze yake.

Nakala: Wakuu wa wodi za wazazi, vyama vya wakunga na madaktari wa watoto, mafundi seremala na wauzaji wa vifaa vya watoto.